Pinyo la Mkebe wa Maziwa

"Papa Honoré, gari hii ikikataa kufika Burungu, mi mwenyewe nitakubeba mu mugongo mpaka ku mulango ya mama yako."

Hayo yalikuwa maneno ya Bienvenu, Jumanne asubuhi, pale Itebero, huku akilipiga kofi boneti la Land Rover kama mtu anayemsifu ng'ombe wake mbele ya mnunuzi. Watu waliokuja kuaga wakacheka, na Bienvenu akanenepa palepale. Siku ambayo hakuna aliyecheka, kwake ilikuwa siku iliyoliwa na panya. Alikuwa na miaka ishirini na minne, diploma ya sekondari, section pédagogie, yaani ualimu, asilimia hamsini na mbili, na mdomo ambao haukuwahi kupata chini ya mia. Ufundi wa magari hakuusomea popote. Aliuchungulia mabegani mwa mafundi wengine mpaka wao wakaenda zao migodini, yeye akabaki, na kijiji chenye gari moja hakikuona sababu ya kutafuta fundi wa pili.

Gari hilo moja lilikuwa la Papa Honoré. Honoré alizaliwa Burungu, kule juu kwenye baridi na ng'ombe, akashuka ujanani kuoa Itebero, akabaki msituni akilima mihogo na kupanda michikichi. Mwaka juzi mchikichi mmoja ulimwangusha, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Tangu hapo alitembea kwa fimbo, hatua hamsini kisha anapumzika, na kwenye pikipiki hakuweza kabisa kupanua mguu akae. Jumatatu alipigiwa simu kwamba mama yake, Mama Adelaïde, hali tena. Bibi ana neno la kumwambia mtoto wake wa kwanza, na amekataa kulituma kwa mdomo wa mtu mwingine. Kila anayeingia chumbani anaulizwa kitu kimoja tu: Honoré amefika?

Kwa hiyo hilo Land Rover ndilo lililokuwa miguu ya Honoré.

Lilikuwa gari la zamani la mapadri, la tangu enzi za wazungu wenye ndevu, na nyuma ya giaboksi lilikuwa na kitu ambacho magari mengine ya huku hayana: ovadraivi. Ni kigiaboksi kidogo, kama mtoto aliyebebwa mgongoni na mama yake, na kina mkono wake mfupi kando ya kiti cha dereva. Ukiusukuma mkono huo mbele, gari linakwenda kwa wepesi na mashine inapunguza kelele. Ukiurudisha nyuma, mambo yanakuwa kama kawaida. Tatizo lake ni moja. Nguvu yote ya mashine lazima ipite humo kabla ya kufika kwenye magurudumu. Kikifa, gari zima limekufa, hata kama mashine inanguruma kama simba.

Mapadri walilijua hilo. Siku walipomwachia Honoré gari, walimpa pia mkebe wa maziwa ya unga, na ndani yake pinyo, yaani gurudumu dogo la chuma lenye meno, pamoja na kifuniko chake. Walimwambia: ovadraivi ikizeeka, ing'oe, weka pinyo hili mahali pake, gari litatembea kama lilivyozaliwa. Padri mmoja akachora juu ya chuma msalaba mdogo kwa msumari ili lisichanganyike na vyuma vingine. Honoré alilitunza kama hati ya shamba. Alipompata Bienvenu, akamkabidhi mkebe.

Sasa tuseme yaliyotokea Jumatatu ileile, ambayo Bienvenu hakumwambia mtu.

Honoré alimpa chupa ya oili nzito ya gia, ya mwisho iliyokuwepo Itebero, abadilishe ile ya ovadraivi kabla ya safari. Bienvenu akamwaga ya zamani. Ilitoka nyeusi, nyembamba, na ndani yake chembe za shaba zikimeta kama mapambo ya bibi harusi, dalili kwamba chombo kimechakaa na kinaomba kustaafu. Fundi mwenye akili angefungua mkebe wa maziwa siku hiyohiyo. Lakini walipita wasichana wakitoka kuchota maji, na Bienvenu akaanza kuwaonyesha padri mnene alivyokuwa akipanda gari akiwa amevaa kanzu. Alikata kiuno mara moja tu. Chupa iliyokuwa juu ya bampa ikaenda chini, ikamwaga oili yote mchangani, na bata wawili wakapita katikati wakaacha nyayo.

Wasichana walicheka mpaka wakamwaga maji. Ilikuwa moja ya siku zake bora.

Walipoondoka alikaa akatazama lile doa. Kwenda kwa Honoré na kumwambia kwamba oili ya kumfikisha kwa mama yake imenywewa na bata, hilo mdomo wake haukujua kulisema. Akakumbuka somo la fizikia la mwaka wa nne: mafuta hupunguza msuguano. Mwalimu hakutaja mafuta ya aina gani. Basi akaenda kwa Mama Joséphine-Marie, mwanamke wa mawese, anayeuza mafuta na samaki wa kukausha, na kila baada ya wiki mbili hupanda na pikipiki mpaka soko la Masisi. Hakuwa na cha kumpa ila mkebe. Joséphine-Marie akalipima pinyo kiganjani, akasema litamfaa kwa mizani yake, maana mawe yake yanamegeka na wateja wanamwita mwizi. Akampa chupa iliyojaa mawese mekundu, mepesi kwa joto la Itebero, yanayoteleza vidoleni vizuri kabisa. Bienvenu akayamimina ndani ya ovadraivi, akafunga skrubu, akajiambia kwamba pinyo atalikomboa wakirudi.

Mtu wa Burungu angemwambia. Mtoto wa miaka minne wa Burungu angemwambia. Kule juu, ukiamka asubuhi na kutaka kupika sombe, majani ya mihogo, mawese unayakuta yameganda kwenye chupa kama sabuni, mpaka uyasogeze kwanza kwenye jiko. Lakini Bienvenu alikuwa mtu wa chini, mtu wa jasho, na katika maisha yake yote hakuwahi kuona mawese yamesimama.

Jumanne walilala Walikale. Jumatano barabara ikaanza kupanda, Bienvenu akiimba, mkono wa ovadraivi umesukumwa mbele, gari laini kama baiskeli mpya. Alimwambia Honoré asikilize namna mashine inavyosali rozari. Walilala Nyabiondo kwenye mvua baridi. Alhamisi asubuhi Bienvenu aliwasha gari huku meno yake yakigongana, na kabla hawajamaliza kilomita mbili akasikia mlio.

Ulikuwa mlio mwembamba, wa mbu ndani ya debe. Aliurudisha mkono nyuma, mlio ukapungua. Akausukuma mbele, ukaongezeka. Hapo alikwisha kujua unatoka wapi, ila Honoré alipouliza, alisema ni upepo wa mlimani, gari halijauzoea. Baadaye kidogo, kwenye mteremko, alipoachia mafuta, mkono ukaruka wenyewe na kurudi nyuma, tak, kama mtu aliyeguswa na chuma cha moto. Akaurudisha. Ukaruka tena. Akasimama, akakata utepe wa mpira wa gurudumu, akaufunga mkono kwenye mguu wa kiti, na kumwambia mzee kwamba magari nayo hufungwa mkanda wa usalama. Honoré alitabasamu kwa heshima tu. Macho yake yalikuwa mlimani.

Halafu ikaja harufu.

"Kuna mutu anakaranga makemba hapa?" Honoré aliuliza, akinusa.

Bienvenu alitazama nje. Mashamba ya maharage kushoto, korongo kulia, hakuna nyumba wala moshi. Alisema labda kule chini kuna harusi. Na harufu ikazidi, nzuri, ya jikoni, ya ndizi zikigeuka kahawia kwenye karai. Kisha chini ya sakafu kukasikika kusaga, kama mtu anatafuna changarawe. Kisha kimya. Mashine ikanguruma, magurudumu yakasimama. Alipoushika ule mkono mfupi, ulizunguka ovyo ndani ya tundu lake kama mwiko ndani ya uji.

Bahati, kama ni bahati, ilikuwa kwamba walisimama karibu na nyumba kumi na mbili za wakulima, na mwenye sauti pale alikuwa Damascène, mtu mrefu wa maneno machache, aliyekuja na jembe begani kuona kilichozuia njia. Akasikiliza habari ya nyonga na ya mama. Hakuuliza mara mbili. Kule juu mtu asiyeweza kutembea hubebwa kwa tipoyi, kiti cha mianzi na miti miwili mirefu, na wanaume wa kilima hupokezana mabega bila kulipwa, maana kesho atakuwa mama wa mmoja wao. Damascène alisema anao wanaume kumi na sita nyumbani leo. Wakiondoka sasa hivi watafika Masisi kabla giza halijaingia, na kesho Ijumaa kuna lori la viazi linalotoka Masisi kwenda Kitchanga. Kutoka Kitchanga, Burungu ni hapo.

Honoré akageuka kumtazama fundi wake. Wote wakageuka.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi. Bienvenu aliiona ikipita mbele yake taratibu kabisa, kama gari lenye nafasi tupu. Angesema: mpelekeni, hili limekufa. Lakini wanaume kumi na sita walikuwa wanamtazama, na mmoja wao alikuwa amekwisha kucheka alipoona ule utepe wa mpira.

"Tipoyi ni ya wagonjwa," alisema. "Papa anaenda na gari yake. Jua haitaingia nyuma ya ile kilima kabla gari hii haijatembea. Ni kitu kidogo tu."

Watu wakacheka kidogo. Honoré akamshukuru Damascène kwa adabu zote, akasema atangoja gari. Mzee alimwamini. Hilo Bienvenu hakuweza kulimeza hata baadaye.

Alilala chali chini ya gari, kwenye matope, akaiondoa skrubu ya kumwagia oili. Hakikutoka kitu. Akangoja. Akachomeka kijiti, akazungusha, akavuta, na kijiti kikatoka na donge la njano nzito, kama siagi, limejaa vumbi la shaba linalometa. Ndani ya lile donge meno ya gia yalikuwa yamejichimbia mfereji na kukimbia humo yakiwa makavu, wakati mafuta yenyewe yamekaa pembeni yakitazama. Karibu na beringi yalikuwa yameungua mpaka kuwa meusi, na huko ndiko harufu ya harusi ilikotoka. Akalifunga donge lote kwenye jani la mgomba, akaenda nyuma ya shamba la maharage kama mtu aliyebanwa na haja, akalifukia.

Jioni hiyo na asubuhi ya Ijumaa aliifungua ovadraivi yote, akapanga vyuma juu ya gunia. Aliviosha kwa mazutu, yaani dizeli, mpaka harufu ikaisha. Beringi imegeuka rangi ya buluu. Kikoni, yaani koni ndogo ya shaba inayoshika gia, kimelainika kama pete ya mjane. Meno yaliyopaswa kuwa na ncha yameviringana, yanatazamana bila kushikana. Hakuna kitu ambacho mtu angeweza kufanya na vyuma vile isipokuwa kuvitupa na kuchukua pinyo la padri.

Honoré naye aliwaza hilohilo, kwa upole, kutoka kwenye kiti chake.

"Na ule mukebe wa mapadri, Bienvenu? Si njo ilikuwa kazi yake?"

Bienvenu alisema mkebe uko Itebero, ndani ya sanduku lake, chini ya kitanda, umefungwa na kufuli. Aliusahau kwa haraka ya safari. Akaongeza kwamba hata ungekuwepo, pinyo la zamani vile lisingekaa vizuri. Akaeleza kwa nini, kwa Kifaransa kingi, na wale wanaume wa kilima wakaitikia kwa vichwa maneno ambayo hata yeye hakuyaelewa. Kosa, alisema, lilikuwa la mapadri. Waliliendesha gari miaka ishirini bila kubadilisha oili.

Damascène alikuja tena Ijumaa mchana na tipoyi begani, akaiegemeza kwenye ukuta wa nyumba ya karibu. Wengi wa wanaume wake walikuwa wamekwisha kwenda kulima, lakini alisema kumi wanaweza kupatikana. Bienvenu wakati huo alikuwa anachonga meno kwa tupa, jino kwa jino, akijua anachokifanya ni sawa na kumpaka maiti poda. Alijibu kwamba imebaki saa moja. Aliunga vyuma, akajaza oili ya mashine aliyoichota chini ya injini, akawasha, akaachia klachi. Land Rover likaenda mbele. Hatua tatu, nne. Honoré akacheka, kicheko kirefu ambacho Bienvenu hakuwahi kukisikia kwake, cha mtu aliyekwisha kushika mkono wa mama yake. Kwenye hatua ya tano kitu kikavunjika chini, na gari likarudi nyuma lenyewe mpaka lilipozuiwa na jiwe.

Baada ya hapo Bienvenu alichomoa mzaha mmoja mfukoni, akautazama, akaurudisha.

Simu hazishiki pale isipokuwa kileleni. Jumamosi alfajiri Damascène alipanda na simu ya Honoré, na aliposhuka alitembea polepole mno kwa mtu anayejua njia. Mama Adelaïde alikata roho usiku. Ijumaa yote alikuwa na akili timamu. Kila aliyeingia aliulizwa. Jioni aliwaambia basi, akageukia ukuta, na lile neno akaondoka nalo.

Honoré alilisikia hilo akiwa amekaa kwenye kiti cha mbele cha gari lake, mlango wazi, mguu mbovu umenyooka nje. Aliuliza tu kama alisema *basi* au alisema kitu kingine. Damascène akasema alisema basi.

Watu wa zile nyumba kumi na mbili wakaja kumpa pole, wakasimama kuzunguka gari kwenye ukungu. Bienvenu hakuwahi kuvumilia ukimya. Akaanza kusema. Alisema chuma ni chuma, kina saa yake kama mtu. Alisema ovadraivi ile ilichoka tangu kwa mapadri, kwamba hata fundi wa Goma asingeweza, kwamba yeye amefanya yote ambayo mkono wa mtu unaweza kufanya, Mungu shahidi. Sauti ilimtetemeka vizuri. Mwanamke mmoja alimwambia pole naye. Akaona inakubalika, akarudia tena kuanzia mwanzo, na safari hii mapadri walikuwa na makosa zaidi.

Alikuwa amefika kwenye miaka ishirini bila oili pikipiki ilipotokea kwenye kona, imebeba vibidoni vyekundu, madumu ya mawese, kila upande na mwanamke katikati yake amejifunga shuka mpaka puani. Gari lilikuwa limeziba njia. Mama Joséphine-Marie akashuka akinyoosha mgongo, akamtambua Papa Honoré, akamjua mfiwa kwa kumtazama usoni. Akaenda kumshika mkono. Alikaa naye kidogo, akalia kidogo kwa ajili yake, kama inavyotakiwa. Kisha, kwa sababu wenyeji walikuwa wanatafuta cha kuwapikia wageni wa kilio, na yeye alikuwa na samaki, akafungua gunia, akatoa mizani yake ya sahani mbili, akaitundika kwenye kioo cha pembeni cha Land Rover.

Sahani moja akaitia samaki. Kwenye ya pili akaweka pinyo.

Lilikuwa limefutwa safi, na msalaba wa padri ulionekana hata kwenye ukungu. Honoré alikuwa na sahani ile mbele ya uso wake, mkono mmoja tu mbali naye. Alinyoosha kidole, akaupapasa msalaba, akaliinua pinyo, na sahani ya samaki ikaanguka chini kwa kishindo.

"Mama, hii ulitoa wapi?"

"Si ni Bienvenu alinipatia, Jumatatu," alisema Joséphine-Marie, kwa moyo mweupe kabisa. "Nikamupa chupa ya mawese. Alisema ni ya gari. Nikasema, gari inakula mawese? Akacheka." Alinusa, akatazama vyuma vilivyotandazwa tena juu ya gunia, akaokota kimoja, akakikwangua kwa ukucha, akanusa tena. "Lakini Bienvenu, mutoto yangu, haukujua kama huku juu inaganda?"

Hakuna aliyecheka. Damascène aligeuza uso kutazama tipoyi yake, iliyoegemezwa kwenye ukuta tangu jana, ikiwa imelowa umande.

Honoré aliligeuza pinyo mikononi mara kadhaa. Hakupandisha sauti.

"Hii inaingia mu gari kwa muda gani?"

Bienvenu alifungua mdomo wake wa asilimia mia, akautafuta mzima, ndani hamkuwa na kitu ila jibu.

"Saa moja, Papa," alisema. "Saa moja tu."